Nguchiro, Mwamuzi wa Nyati na Chui

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao asubuhi na kuombana chumvi jioni, palikuwa na uwanda mmoja mpana, na katikati ya uwanda huo palikuwa na kichuguu. Kaeni vizuri, wanangu, mdogo asogezwe mbele, niwaambie nani alikuwa akiishi humo.

Humo aliishi Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na aibu nyingi. Alikuwa amejifungua watoto watatu siku mbili tu zilizopita. Wa kwanza, aliyewatangulia wenzake kwa kufumba na kufumbua, alimpa jina la Sikudhani. Baba yao alikuwa amechukuliwa na mto ulipofurika, hajawaona.

Watoto wa nguchiro huzaliwa macho yamefumba, na hufumbua siku ya kumi na mbili. Kabla ya hapo hawawezi hata kutambaa. Juu ya uwanda ule kulikuwa na mwewe aliyezunguka kutwa nzima, akitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Kwa hiyo Nguchiro aliwaficha watoto wake ndani kabisa, na aliyejua habari zao alikuwa mmoja tu, Mzee Kakakuona, ambaye alikuja siku moja kula mchwa wa kichuguu akasahau kuondoka.

"Mama Sikudhani," Kakakuona alikuwa akimwambia, "nenda katafute chakula. Mimi nitajikunja hapa mlangoni. Nikijikunja, hapiti mtu."

"Ahsante, mzee wangu."

"Usinishukuru. Hata nyumbani kwangu nilikuwa nikijikunja tu."

Sasa, upande wa mashariki wa uwanda kulikuwa na chuo cha mapigano cha Mwalimu Nyati. Asubuhi na mapema ungesikia nchi inatetemeka, puu, puu, puu, wanafunzi wake nyumbu wakipiga kwato zao chini.

"Tunakwenda wapi?" Nyati aliuliza kwa sauti nzito.

"Mbele!"

"Nyuma kuna nini?"

"Hofu!"

"Basi iacheni huko huko. Anayerudi nyuma anaifuata mwenyewe."

Upande wa magharibi kulikuwa na chuo cha Bi Chui. Huko hukusikia kitu. Wanafunzi wake walikuwa mondo, wale paka wa porini wenye miguu mirefu, na walikaa katika majani siku nzima, jii, hata inzi akitua puani.

"Nani ataanza?" Bi Chui aliuliza polepole.

Hakuna aliyejibu.

"Vizuri sana. Mmejibu wote. Nguvu ni mali ya adui, mwacheni aitumie mpaka imwishie. Anayeanza amekwisha kushindwa, ila hajaambiwa."

Siku hiyo hiyo walimu hao wawili wakakutana karibu na kichuguu.

"Bi Chui," akasema Nyati, "wazazi wanawaleta watoto kwako wajifunze kupigana, wewe unawafundisha kulala."

"Na wewe unawafundisha kukimbia," akajibu Chui, akilamba ukucha wake. "Hujawaambia tu wanakimbilia wapi."

"Mtindo wangu umeangusha miti."

"Mti haukimbii, Mwalimu. Wala haurudishi pigo. Nisingejisifu kwa kuushinda mti."

Nyati akapuliza pua, fuu. "Kesho tupigane. Hapa hapa, mbele ya vyuo vyote viwili. Atakayeshindwa afunge chuo chake."

"Nimekubali. Ila katikati pana hiki kichuguu."

"Nyumbu wangu watakisawazisha kwa kwato kabla jua halijapanda."

Ndani ya kichuguu, Nguchiro alisikia kila neno. Aliwatazama watoto wake wakinyonya. Shimo jingine la karibu lilikuwa mwendo wa nusu siku. Angeweza kumbeba mtoto mmoja mdomoni, lakini wawili wangebaki, na mwewe hakosi kuhesabu.

"Mzee Kakakuona, nifanye nini?"

"Mimi jambo likiwa kubwa huwa najikunja."

"Na likizidi?"

"Nazidi kujikunja. Lakini wewe huna magamba, Mama Sikudhani. Itabidi uongee."

Kuongea ndiko kulikokuwa kugumu kwa Nguchiro. Alikuwa mtu wa kuamkia na kupita. Hata hivyo alijikaza, akapangusa vumbi usoni, akatoka.

"Shikamooni, walimu."

Walimu wale wakatazama kulia, wakatazama kushoto, mwisho wakatazama chini.

"Marahaba," wakasema.

"Mimi ndiye mwenye hii nyumba."

"Pole," akasema Nyati. "Hamia kwingine. Uwanda ni mkubwa."

Nguchiro hakuwaambia habari za watoto. Aliyatazama meno ya Bi Chui, na neno watoto likamrudi kooni. Akasema jingine.

"Nitahama, walimu wangu. Ila naomba kuuliza. Kesho mkipigana, nani ataamua?"

"Haihitajiki kuamua. Atakayeanguka ataonekana," akasema Nyati.

"Ni kweli. Lakini Bi Chui akiwa amelala chini, nyumbu watasema ameanguka, na mondo watasema ndiyo kwanza ameanza kazi."

Bi Chui akatabasamu. "Huyu mdogo ana akili. Basi nyumbu mmoja aamue."

"Nyumbu hajui mtindo wako, Bi mkubwa. Ataamuaje asichokijua? Na mondo vile vile hajui wa Mwalimu Nyati. Anatakiwa mtu aliyefundishwa mitindo yote miwili."

"Hayupo mtu kama huyo," wakasema kwa pamoja.

"Mnaweza kumtengeneza," akasema Nguchiro kwa sauti ndogo. "Nifundisheni mimi. Sina upande wowote. Nipeni siku kumi tu."

Kumi na zile mbili ni kumi na mbili. Mmeona hesabu yake, wanangu.

Nyati akacheka mpaka mavumbi yakaruka. "Siku kumi za nini? Mimi kwa siku saba naweza kulifundisha hata jiwe. Siku saba, basi."

"Saba zinatosha," akasema Bi Chui, kwa kuwa hakutaka aonekane mwalimu mzito kuliko mwenzake.

Nguchiro akashukuru, akaingia ndani, akahesabu tena. Zilipungua tatu.

Akaanza kujifunza. Asubuhi alikwenda mashariki, jioni magharibi, na Mzee Kakakuona akabaki mlangoni amejikunja kama chungu kilichofunikwa.

Nyati hakumcheka tena alipomwona anapiga vijiguu vyake chini, pu pu pu, pamoja na nyumbu wakubwa. Alimtazama kwa muda, kisha akamwita pembeni.

"Nguchiro, nimekuona ukivuka uwanda. Kila hatua tatu unageuka nyuma. Kwa nini?"

"Naogopa, Mwalimu."

"Na unapogeuka, unaona nini?"

"Sijaona kitu bado."

"Basi unajichosha shingo. Tazama unakokwenda, fika, kisha ogopa ukiwa umefika."

Siku ile Nguchiro alivuka uwanda mzima bila kugeuka, na aliporudi alikuwa na panzi wengi kuliko siku zote, kwa kuwa macho yake yote mawili yalikuwa mbele.

Bi Chui naye alimlaza katika majani saa nzima.

"Unasikia nini?"

"Moyo wangu, Bi mkubwa. Unapiga sana."

"Uache upige. Usiufukuze, usiufuate. Sasa unasikia nini?"

Nguchiro akatega sikio. Akasikia mchwa wanatembea. Akasikia upepo unabadilika. Akasikia mabawa ya mwewe juu kabisa, na kwa mara ya kwanza akajua yuko wapi bila kunyanyua kichwa.

Usiku alimwuliza Kakakuona, "Mzee, nani kati yao anasema kweli?"

"Wote. Nyati anafundisha namna ya kuondoka, Chui anafundisha namna ya kukaa."

"Na wewe?"

"Mimi nafundisha namna ya kulala. Sijawahi kupata mwanafunzi aliyeshindwa."

Nguchiro akacheka, kisha akawa na huzuni kidogo. Alikuwa anawadanganya walimu wake, nao walikuwa wanampa mali ya kweli. Lakini Sikudhani alijigeuza usingizini akatafuta ziwa, na Nguchiro akakumbuka kwamba bado zinapungua siku tatu.

Siku ya saba ikafika. Nyumbu walikuja kwa mstari, puu, puu, tayari kukisawazisha kichuguu. Mondo walikaa katika majani upande wa pili. Nguchiro akapanda juu ya kichuguu chake, akasimama kwa miguu miwili ili aonekane. Hakugeuka nyuma.

"Subirini," akasema. "Kichuguu kisiguswe."

"Kwa nini?" akauliza Nyati.

"Ndicho mpaka, Mwalimu. Mmoja atasimama huku, mwingine kule. Atakayekivuka wa kwanza ndiye aliyeanza. Mkikivunja, nitajuaje?"

Nyumbu wakatazamana, wakarudisha kwato chini.

"Sasa niwaulize walimu wangu mbele ya watu wote. Mwalimu Nyati, anayerudi nyuma amefanya nini?"

"Ameshindwa!"

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa mama yangu mzazi."

Nyumbu wakashangilia.

"Bi Chui, na anayeanza?"

"Ameshindwa."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa mimi."

Mondo hawakushangilia, lakini walitikisa ncha za mikia.

"Nashukuru," akasema Nguchiro. "Mmenifundisha nyote, siwezi kumvunjia heshima hata mmoja. Basi sheria zote mbili zitatumika. Anayerudi nyuma ameshindwa. Anayeanza ameshindwa. Mpigane sasa."

Nyati akainamisha pembe zake. Akapuliza pua, fuu. Akanyanyua mguu, halafu akakumbuka. Akaurudisha mguu pale pale ulipokuwa.

Bi Chui akajilaza kwa tumbo upande wake wa kichuguu, macho yamemkazia Nyati. Alitaka kusogea kivulini. Akakumbuka. Kivuli kilikuwa nyuma yake.

Kimya kikatanda, jii.

"Anza basi," akasema Nyati baada ya muda mrefu.

"Karibu wewe kwanza, Mwalimu. Wewe ndiye mtu wa mbele."

"Rudi nyuma kidogo nikuone vizuri."

"Nakuona vizuri nilipo. Una inzi kwenye sikio la kushoto."

"Namjua. Tumekuwa naye tangu asubuhi."

Jua likapanda, jua likashuka. Hakuna aliyeanza, hakuna aliyerudi. Nguchiro aliwaletea maji kwa kibuyu, mara huku, mara kule, akawawekea majani mabichi mgongoni wasiungue. Nyumbu wakachoka kungoja, wakalala wamesimama. Mondo walikuwa wamezoea.

Siku ya pili ikapita hivyo hivyo. Walimu walipoishiwa matusi walianza kuulizana habari.

"Hivi, Bi Chui, hao wanafunzi wako wanakulipa nini?"

"Wananiletea nyama. Wewe?"

"Majani."

"Umezungukwa na majani, Mwalimu."

"Ndiyo. Nami nimekuwa nikijiuliza."

Siku ya tatu, Nyati akashindwa kuvumilia. Njaa ilimuuma, na yule inzi alikuwa ameita ndugu zake.

"Mwamuzi!" akanguruma. "Naanza. Liwe liwalo."

"Mwalimu wangu," akasema Nguchiro kwa haraka, "ulinifundisha kwenda mbele na kuacha hofu nyuma. Je, kwenda mbele kwa kumkimbia inzi, huko ni mbele au nyuma?"

Nyati akafikiri. Ng'ombe na nyati wakifikiri hawafanyi jambo jingine. Jua likasogea kidole kizima.

"Ni nyuma iliyogeuzwa," akasema mwishowe, kwa uchungu. Akatulia.

Lakini mchana njaa ikamrudia, na sasa hakutaka kufikiri tena. Nguchiro alikuwa mbali, ameenda kujaza kibuyu. Nyati akainamisha pembe. Akanyanyua mguu wa mbele, mzito kama kinu, juu kabisa.

Wakati huo huo, ndani ya kichuguu, mtoto mmoja alifumbua macho.

Alikuwa Sikudhani. Aliona mwanga mlangoni. Hakujua mwanga ni nini, ila aliupenda. Akapanda juu ya Mzee Kakakuona, aliyekuwa amesinzia, kama anavyopanda mtu jiwe, akateremka upande wa pili, akatoka nje akiyumba. Mama yake alikuwa amewafundisha gizani, kabla hawajaona lolote, kwamba ukikutana na mkubwa unamwamkia. Sikudhani akaona kitu kikubwa cheusi kinaning'inia juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mguu," akasema.

Nyati akatazama chini.

Na juu, mwewe akakunja mabawa. Fyuuu, akashuka kama jiwe lililotupwa.

Nguchiro aliona yote kutoka mbali. Kibuyu kikamwanguka. Alikimbia kama alivyofundishwa, bila kugeuka, macho mbele, lakini njia ilikuwa ndefu na miguu yake mifupi, na alijua kwamba hatafika.

Mguu wa Nyati haukuweza kubaki hewani. Ungeshuka mbele, ungemkuta mtoto. Nyati, aliyewafundisha nyumbu mia wasirudi nyuma hata kwa mama mzazi, akarudi nyuma. Hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka akaketi kwa matako, puu.

Na Bi Chui, ambaye hakuwahi kuanza jambo lolote katika maisha yake, aliruka. Hakungoja mwewe atumie nguvu zake mpaka zimwishie. Aliruka juu ya kichuguu, akavuka mpaka wazi wazi mbele ya watu wote, akamshika Sikudhani kwa ngozi ya shingo, na kucha za mwewe zikakwaruza vumbi tupu.

Ndani, Kakakuona alishtuka, akajikunja mlangoni, watoto wawili waliobaki wasitoke. Kila mtu ana mtindo wake.

Nguchiro alifika akihema. Mtoto wake alikuwa mdomoni mwa Chui, katikati ya meno yale aliyoyaogopa siku kumi nzima.

Bi Chui akainama, akamweka mtoto chini mbele ya mama yake, polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Ameniamkia," akasema Nyati, bado ameketi. "Sijamwitikia. Marahaba, mjukuu."

Nguchiro akalia. Alilia akaanguka magotini, akasema kila kitu. Siku kumi, siku kumi na mbili, mwewe, shimo la mbali, sheria mbili.

"Niliwadanganya, walimu wangu. Sikutaka mpigane wala msipigane. Nilitaka siku tu. Nilitaka macho yao yafumbuke."

Walimu wakatazamana.

"Kwa hiyo mimi nimesimama siku tatu na inzi," akasema Nyati, "kwa sababu ya macho ya watoto?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Kwa nini hukutuambia tangu mwanzo?" akauliza Bi Chui, na sauti yake haikuwa na ukali.

"Nilikuogopa, Bi mkubwa. Niliona meno yako, nikadhani hayo tu ndiyo wewe."

Chui akakigeukia kichuguu. Kisha akasema, "Na mimi niliona kichuguu, nikadhani ni udongo."

Nyumbu na mondo walikuwa wamesogea, wamezunguka kichuguu, hakuna aliyejua ashangilie nini. Mondo mmoja akauliza, "Mwamuzi, nani ameshindwa?"

Nguchiro akapangusa machozi. Akasimama kwa miguu miwili, maana kazi ilikuwa haijaisha.

"Mwalimu Nyati amerudi nyuma. Ameshindwa. Bi Chui ameanza. Ameshindwa. Wameshindwa wote wawili kwa wakati mmoja, na mimi mama yake Sikudhani sijapata kuona ushindi mkubwa kama huo. Vyuo vyote viwili vibaki wazi."

Kisha akachukua kibuyu, akarudi mtoni, akaleta maji. Akawaosha walimu wake miguu, kwanza kwato za Nyati, zilizokuwa zimejaa vumbi la siku tatu, kisha nyayo za Chui. Aliosha bila haraka, akasema ahsante kwa kila mguu. Ikawa ahsante nane. Na Mzee Kakakuona alipotoka kuuliza kama hatari imekwisha, akaoshwa naye, ingawa ilichukua muda mrefu kuipata miguu yake.

"Mimi nimefanya nini?" akauliza.

"Umejikunja, mzee wangu."

"Aa. Hilo naliweza."

Nyati akainuka kwenda zake kula. Alipofika mbali kidogo, akasimama, akafanya jambo ambalo wanafunzi wake hawakuwahi kuliona. Akageuka nyuma.

"Kwaheri, Mama Sikudhani," akasema. "Mtoto huyo akikua, mlete. Kuna somo jipya nataka kuanza kufundisha."

"Na kwangu pia," akasema Bi Chui. "Nadhani ni somo lile lile."

Tangu siku hiyo nguchiro akitoka shimoni mwake husimama kwanza kwa miguu miwili, akatazama huku na huku. Wengine husema anamtafuta mwewe. Mimi nawaambia anawatafuta walimu wake, asije akapita bila kuwaamkia.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipolala, wanangu, nanyi mlale nayo: mwenye nguvu wa kushukuriwa ni yule anayekubali kushindwa ili mdogo asiumie.